Picha za Mikono ya Mama

Kilichoninyima usingizi usiku tuliorudi nyumbani Boito ni kidole gumba cha mama. Yeye alikuwa amelala chumba cha pili, anakoroma taratibu kama mtu aliyetoka mbali, na mimi nilikuwa nimeukodolea macho ukuta. Nikimwambia asubuhi, kisha iwe nimekosea? Na nisipomwambia, kisha iwe nilikuwa sahihi?

Mimi hupenda kupewa wiki nzima ya kufikiria jambo, ikiwezekana mbili. Safari hii sikuwa nayo. Mvua ilikuwa imenyesha tukiwa pwani, chai ilikuwa imefumuka, na mama alikuwa ameshaweka kikapu chake karibu na mlango. Akichuma siku moja tu, vidole vyake vyote vingerudi kuwa vyeusi, na doa nililoliona kwenye picha lingejificha katikati ya madoa mengine, kama lilivyokuwa limejificha siku zote. Hakuna ambaye angeniamini tena. Pengine hata mimi nisingejiamini.

Kwa wasiokulia kwenye chai: jani bichi likivunjwa hutoa maji yanayokauka kwenye ngozi na kuwa meusi. Ukichuma kila siku, weusi huo huingia kwenye mikunjo ya vidole na pembeni mwa kucha, na sabuni haiutoi. Kila Jumamosi jioni mama husugua kwa ndimu ili aende kanisani na mikono ya heshima, na kila Jumapili mikono ni ile ile. Ndiyo sababu wanawake wa kwetu wakipigwa picha hukunja vidole ndani ya viganja. Hawaambiani. Mpiga picha akisema "Haya, tayari," mstari mzima wa akina mama hufunga ngumi kama watoto wanaoficha peremende. Nimekua nikiona hivyo, hata nikadhani ndivyo watu wazima wanavyosimama.

Kaka yangu ni mpishi katika hoteli moja kule Diani. Kila Krismasi alikuwa akiahidi kutualika, na kila Krismasi tulikuwa tukisema asante na kusahau. Mwaka huu kiangazi kilikausha chai hadi hakukuwa na la maana la kuchuma, na wageni wake hotelini walipungua. Akatutumia tikiti za treni.

"Njooni kabla mvua haijaanza," alisema kwa simu. "Na tafadhali, baba asilete koti."

Baba alileta koti. Alishuka nalo kwenye treni, akapanda nalo feri, na siku ya kwanza ufukweni alisimama kwenye mchanga mweupe akiwa amelivaa, kofia kichwani, mikono nyuma, akiitazama bahari kama anavyotazama ng'ombe ambaye hajaamua kumnunua.

Kazi ya kupiga picha nilipewa mimi. Sababu ya kwanza ni kwamba simu yangu ina kamera nzuri. Ya pili aliitoa baba: "Wewe ndiye huna kazi." Hakuwa na ubaya. Nilimaliza chuo kikuu, nikarudi nyumbani kungoja majibu ya maombi ya kazi, na bado nayangoja.

Niliipokea kazi hiyo kwa furaha, lakini kamera ilikuwa na tatizo lake. Kila nilipoinua simu, niliona jinsi mtu anavyoweza kufa. Baba akisimama mbele ya maji, niliona wimbi nyuma yake likijikusanya. Mama akikaa chini ya mnazi, niliona nazi zikining'inia juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Mama, songa kidogo kushoto."

"Kwani mwanga ni mbaya?"

"Ndiyo. Songa tena kidogo."

Kaka alikuwa akicheka hadi anashika magoti. Anajua mwanga hauhusiki. Nyumbani wananiita Daktari, na si kwa sababu ya cheti changu, ambacho ni cha uchumi. Mwaka jana baba alipokohoa majuma mawili, nilisoma kwenye mtandao usiku kucha, nikalia, nikamshika mkono hadi akakubali kwenda kupimwa kifua kikuu. Alikaa kwenye foleni siku nzima na watu wanaomfahamu. Ilikuwa ni vumbi la mahindi aliyokuwa akipura. Hadi leo akiingia dukani Silibwet kuna mzee mmoja humsogezea kiti mbali na kusema, "Kaeni upande ule, huyu ana mapafu ya binti yake."

Kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea sheria. Kabla sijasema jambo lolote la ugonjwa, nihesabu mara ambazo nimekosea. Hesabu hiyo huninyamazisha.

Mama hakujua kupumzika. Kesho yake tu aliingia kwenye nguo za kaka na kuzifua zote kwa mkono, hata zile safi, kisha akafua mapazia. Jioni tulikwenda baharini, akaingia hadi magotini akishikilia leso, akinawa uso na mikono kwa maji ya chumvi kama vile ameambiwa ni dawa. Siku zikapita hivyo. Asubuhi moja aliketi kwenye ngazi ya mlango wa kaka, akatandaza leso kwenye mapaja, akaweka mikono juu yake na kuitazama.

"Chepto," aliniita, kama anavyoniita tangu nikiwa msichana mdogo. "Lete simu."

"Kuna nini?"

"Piga hii mikono. Angalia. Hii si ni mikono ya mwalimu?"

Weusi ulikuwa unatoka. Vidole vilikuwa na rangi ya kahawia niliyokuwa siijui, ngozi laini kidogo kwenye ncha, kucha zikianza kuonyesha uwaridi wake. Kaka alitoka na kikombe, akainama.

"Mwalimu gani? Hii ni ya mke wa mbunge."

Baba aliichungulia kutoka kwenye kiti chake. "Sasa nani atachuma?"

Tulicheka wote. Nikapiga picha, na tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Mama akimaliza kuoga asubuhi ananiita, anatandaza leso ile ile, anaweka mikono, mimi napiga. Kisha tunalinganisha na ya jana, kama watu wanaopima mtoto kwenye fremu ya mlango. Aliwahi hata kumsimamisha mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maembe njiani ili amwonyeshe. Mwanamke yule alitazama mikono, akamtazama mama, akasema, "Ni mizuri, mama," bila kujua alichokuwa akisifia.

Ni katika asubuhi mojawapo ya hizo nilipotaja kidole gumba. Nilikitaja kama utani tu.

"Hiki cha kulia kimekataa."

"Hicho ndicho kinachovunja jani," alisema mama, akikigeuza kwenye mwanga. "Hicho kimekunywa chai kuliko nyinyi wote."

"Si kilibanwa na mlango wa zizi?" baba alisema. "Ile siku ndama alikimbia."

Maelezo yote mawili yalikuwa na akili. Niliyakubali yote mawili. Nilikuwa na siku kadhaa nzuri bila woga, na mtu kama mimi akipata siku kama hizo huzishika kwa uangalifu, asizitikise.

Siku ya mwisho mama alitaka picha ya kutuma kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa. Alisimama maji yakimfikia kwenye vifundo, akanitazama moja kwa moja, akainua mikono yote miwili na kuitandaza vidole, migongo ikiangalia kamera. Alikuwa anacheka. Sina picha nyingine ya mama akiwa amefungua mikono namna ile. Niliibonyeza mara nyingi, na sikuona wimbi lolote nyuma yake.

Niliona ndani ya treni.

Mama aliketi mkabala nami, akila ndizi, akinihimiza nimtumie ile picha ya kutuma kwenye kundi lake. Niliikuza kwa vidole viwili ili nikate kipande chenye mguu wa mtu asiyetuhusu. Picha ikateleza kwenye kioo, mkono wake wa kulia ukajaa kwenye simu. Vidole vinne vilikuwa safi. Kwenye ukucha wa gumba kulikuwa na mstari mweusi uliotoka kwenye mzizi wa ukucha hadi kwenye ncha, mpana, kingo zake zimeharibika kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya choo. Na pale ukucha unapoanzia, weusi ulikuwa umetoka nje. Ulikuwa kwenye ngozi.

Nilikifuta kioo kwa kiganja, nikaangalia tena.

Nikarudi nyuma, picha moja baada ya nyingine, zile za asubuhi. Mikono kwenye leso, mikono kwenye leso. Kila siku vidole vilikuwa vimepauka zaidi. Gumba halikuwa limepauka hata kidogo. Lilikuwa likizidi kuonekana kwa sababu vingine vilikuwa vikisafika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga picha zote hizo, nikicheka.

"Mbona hutumi?" mama aliuliza.

"Mtandao umekatika."

Ilikuwa kweli, tulikuwa katikati ya Tsavo. Nilishukuru kwa ajili ya kila kilomita isiyo na mtandao. Ulipopatikana nilimtumia ile picha, nikasikia simu yake ikianza kulia kwa majibu na yeye akicheka peke yake, nami nikaanza kutafuta mtandaoni. Niliambiwa kwamba watu weusi wengi wana mistari kwenye kucha na haina madhara yoyote. Mistari miwili chini yake, kwenye ukurasa huo huo, niliambiwa kwamba kuna saratani ya ngozi inayoanzia chini ya ukucha, kwamba hupenda gumba, na kwamba dalili yake mojawapo ni mstari unaopanuka na rangi inayovuka kwenda kwenye ngozi. Nilisoma ya kwanza tena. Nikasoma ya pili tena. Mama alinipa ndizi nikaishika tu.

Unaopanuka. Nilihitaji kujua kama ulikuwa umepanuka. Nikaingia kwenye picha zangu zote za zamani: harusi ya binamu, Pasaka, mazishi ya bibi, siku tuliyonunua ng'ombe. Mama yuko katika kila moja, na katika kila moja amefunga ngumi. Miaka yote hiyo ya picha na sikuwa na kidole kimoja.

Ilikuwepo moja. Siku ya sherehe ya kuhitimu kwangu, mwaka juzi, kwenye hema nyumbani, mama ananilisha keki. Huwezi kumlisha mtu keki ukiwa umefunga ngumi. Kipande kiko kati ya gumba na kidole cha shahada, mdomo wangu uko wazi, macho yangu yamefumbwa. Nilikuza. Vidole vyake ni vyeusi kwa chai kama kawaida, lakini ukucha wa gumba ulikuwa umesuguliwa vizuri siku ile, kwa ajili yangu. Katikati yake kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi.

Ungekuwa ni damu ya kubanwa na mlango, ungekuwa umesogea mbele na ukucha na kukatwa zamani. Ungekuwa ni chai, bahari ingeuondoa. Basi yalibaki mawili, si kitu au ni kitu nisichotaka kukitaja, na ndiyo hayo niliyolala nayo Boito.

Kulipopambazuka nilimsikia mama jikoni akijaza chai kwenye thamosi. Baba alikuwa mezani na koti lake. Kutoka kwenye lango kulikuja sauti ya jirani yetu, mwanamke wa kutoka Kisii ambaye huchuma na mama tangu nikiwa shule ya msingi.

"Jirani! Mmerudi ama mmeolewa na bahari?"

"Tumerudi! Ngoja nivae gambuti!"

"Harakisha! Hii chai yako imekuwa mti!"

Nilihesabu mara nilizokosea, kama kawaida yangu. Nilifika kwenye mapafu ya baba nikaacha. Niliingia jikoni, nikaweka simu mezani kando ya thamosi, picha ya keki na picha ya bahari pamoja kwenye kioo.

"Mama, kabla hujatoka. Angalia hizi."

"Picha tena?" Alifuta mikono, akainama. "Hapa nilikuwa nakulisha keki. Ulikuwa unatetemeka, nilidhani utaniuma."

"Angalia kidole."

Aliangalia. Kisha akaangalia kidole chenyewe, akakisugua kwa ukingo wa aproni.

"Ni mwanga."

"Si mwanga, mama. Weusi umeingia kwenye ngozi. Hapa. Na haukutoka, vidole vingine vyote vilitakata."

"Daktari ameamka," baba alisema bila kugeuka. "Mwaka jana mimi nilikuwa na TB. Leo mama yako amepewa nini?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka anayejua aangalie. Leo, kabla hajagusa chai. Akichuma leo mstari hautaonekana tena."

"Na chai itangoja nani?"

"Nitachuma mimi. Kesho, na kesho kutwa."

"Wewe?" Sasa baba aligeuka. "Si utakimbia ukiona kinyonga?"

"Nitakimbia, halafu nitarudi."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa bado anasugua kidole kwenye aproni, polepole, macho yake yakiwa kwenye simu. Jirani akaita tena. Mama akanyoosha mkono kuchukua kikapu, kwa mazoea tu nadhani, kama mtu anavyoitikia jina lake, na mimi nikawahi. Nilikinyakua nikatoka nacho nje bila viatu.

Nilikuwa naogopa. Nilijua kwamba nikishasema pale langoni, habari itafika kituo cha kupimia majani kabla ya saa nne, na kama ni bure, mzee wa Silibwet atapata kiti kingine cha kusogeza. Nilijua pia kwamba nikishasema, siwezi kulirudisha neno. Hilo la pili ndilo nililolitaka.

"Mama haendi shambani," nilisema. "Anaenda hospitali."

"Hospitali?" Tabasamu la jirani lilibaki usoni kidogo kabla ya kuondoka. "Kwani bahari imemfanya nini?"

"Si bahari. Chukua kikapu. Utakayochuma leo upande wetu ni yako."

Alikipokea. Alinitazama miguu yangu mitupu kwenye matope, kisha akatazama mlangoni nyuma yangu. "Mwambie pole," alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie nimekuja."

Niliporudi ndani mama alikuwa ameshavaa viatu vya kanisani. Alifunga kitambaa cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena.

"Kama ni kitu cha bure," alisema, "utachuma mwezi mzima."

"Sawa."

"Na vinyonga wako."

"Sawa, mama."

Baba alisimama, akavua koti, akamwekea mabegani. "Hospitali kuna baridi," alisema, akatoka kwenda kwa ng'ombe. Alisimama zizini bila kufanya lolote, mkono juu ya ule mlango anaoulaumu, hadi pikipiki iliyotubeba ilipopita.

Katika hospitali ya Bomet tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mama alikuwa ameingiza mikono ndani ya mikono mirefu ya koti la baba. Mara moja aliniambia, "Kumbe hata wewe unaweza kunyamaza." Mara nyingine aliuliza kama kaka ameambiwa. Nikasema bado. Akasema, "Usimwambie akiwa kazini, ataunguza chakula."

Daktari alikuwa mwanamke, pengine ananizidi umri kidogo tu. Alituangalia mmoja baada ya mwingine.

"Nani mgonjwa?"

"Mgonjwa ni huyu," mama alisema. "Ana wasiwasi."

Daktari akatabasamu. Nami nikaanza kusikia zile sauti zote, kikohozi cha baba, vumbi la mahindi, kiti kikisogezwa. Niliweka simu mezani, nikamwonyesha keki, nikamwonyesha bahari, nikamwonyesha asubuhi zote zilizo katikati. Nilieleza kuhusu chai na chumvi. Niliongea haraka sana, lakini nilimaliza. Daktari alikuza picha ya mwisho kwa vidole viwili, akaiangalia kwa muda, kisha akavuta taa ya mezani karibu.

"Mama, naomba niuone mkono wenyewe. Wa kulia."

Mama aliutoa mkono kwenye koti, akauweka mezani chini ya taa. Alikuwa ameufunga ngumi, gumba likiwa limefichwa ndani, vidole vinne vikiwa juu yake.

Daktari alingoja. Mimi niliweka mkono wangu juu ya ngumi ya mama.

"Fungua, mama," nilisema.

Akafungua.